Jeli Ilipasuka, Paja Halikupasuka

Swali la msomaji: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni afisa wa kliniki, mwaka wa pili kazini. Mwezi uliopita tulimpokea kijana aliyepigwa risasi ya bunduki pajani. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo kuliko kifungo cha shati, la kutokea lilizidi kidogo tu. Mfupa ulikuwa mzima, damu haikuwa nyingi. Siku ya pili alikuwa akienda msalani mwenyewe. Mwenzangu akanionyesha kwenye simu video ya risasi ya AK ikipigwa kwenye tofali la jeli. Jeli ilifura kama puto, ikaruka mezani, ikabaki imechanika ndani kwa ndani. Mwenzangu anasema nyama yote ya paja lile ilikuwa imekufa na tulipaswa kulifungua lote na kukata. Nani anasema kweli, jeli au paja? Na je, sisi wenyewe tunaweza kutengeneza jeli hiyo tujionee?

Jibu: Binti yangu, jeli imesema kweli na paja limesema kweli. Kosa kubwa la mwenzako ni moja, na linaweza kumgharimu mgonjwa mguu. Ameangalia upana wa mpasuko bila kuuliza ulianza sentimita ya ngapi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe nikiwa na kisu mkononi, na aliyelilipia alikuwa mtu mwingine.

Jeli hiyo ni jelatini, ndugu wa ile inayotiwa kwenye peremende, lakini hii hutengenezwa kwa vipimo vikali. Inayotumika ni ya aina A, ya ngozi ya nguruwe iliyolainishwa kwa asidi, yenye ugumu wa Bloom 250 kama wanavyopima watengenezaji wenyewe. Ya ng'ombe kwa kawaida hupitia njia nyingine na haina tabia ileile. Mtu akiichagua, hata kwa sababu ya dini yake, ambayo ni sababu ya heshima, itambidi aanze upya kuilinganisha na nyama. Unga ni sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kwa uzani. Hunyunyizwa kwenye maji baridi na kuachwa ulowe, kisha hupashwa moto taratibu. Joto likizidi sana nyuzi 40 protini huvunjika na jeli hutoka dhaifu. Wengine hudondoshea mafuta ya mdalasini ili kuzuia povu na ukungu. Halafu huingizwa kwenye friji hadi ifike nyuzi 4 za Selsiasi, na hapo watu hukosa subira. Tofali kubwa huhitaji siku moja na nusu au mbili ili moyo wake uwe baridi sawa na ubavu wake.

Mchanganyiko huo wa asilimia 10 kwa nyuzi 4 haukuchaguliwa kwa bahati. Martin Fackler alikuwa daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, na alikuwa ametibu majeruhi Vietnam. Kuanzia 1981 hadi 1991 aliongoza maabara ya jeshi ya kuchunguza majeraha ya risasi katika taasisi ya Letterman, San Francisco. Yeye na wenzake walipiga risasi zilezile kwenye jeli na kwenye mapaja ya nguruwe waliotiwa ganzi, wakalinganisha kina na umbo la njia. Jeli ya asilimia 10 ikaonekana kuifuata misuli vizuri. Hilo neno misuli ulishike, tutalirudia. Majeshi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, yamezoea nyingine, ya asilimia 20 kwa nyuzi 10, na namba za jeli moja hazihamishiwi kwenye nyingine.

Kabla bunduki haijapigwa, jeli yenyewe hupimwa. Gololi ya chuma ya milimita 4.5 hurushwa kwa bunduki ya upepo ikienda takriban mita 180 kwa sekunde. Inatakiwa isimame kwenye sentimita 8.5, ikizidi au kupungua isiwe zaidi ya sentimita moja. Ikienda 11 au 12, jeli ni laini mno, na lolote litakaloonekana baadaye limeshaharibika kabla ya kuonekana. Fikiria tofali limetolewa kwenye friji Kisumu saa nane mchana, jua la nyuzi 30, kamera bado zinapangwa. Ngozi yake imeshaanza kulegea huku kiini bado ni baridi. Ndiyo maana kwenye jaribio lolote mimi natafuta gololi kwanza. Nisipoiona wala kuelezwa ilifika wapi, naifunga video.

Siku hizi kuna jeli angavu kama kioo, ya mafuta ya madini na plastiki laini. Haihitaji friji, huyeyushwa ikamiminwa tena, na kamera inaipenda. Huenda ndiyo aliyokuonyesha mwenzako, hasa kama uliona mwako wa moto ndani yake risasi ilipopita. Inafaa kulinganisha risasi na risasi ndani ya jeli hiyohiyo. Haijawa nyama ya mtu, na kina cha risasi ndani yake hakilingani na kina cha jelatini halisi.

Lingine la kutazama ni ukubwa wa tofali. Fackler alitumia matofali ya sentimita 25 kwa 25 kwa 50 kwa risasi za bunduki. Mengi ya kwenye video yana upana wa sentimita 15, ukubwa unaotosha bastola. Tofali jembamba haliwezi kulibeba pango la risasi ya bunduki, yaani uwazi ambao risasi huufungua inapopita. Linachanika hadi pembeni na kuruka mezani. Watu hushangilia kule kuruka, na kule kuruka hakutufundishi chochote kuhusu paja.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Wewe uko Kisumu, bila shaka umewaona vijana wakipiga mbizi ziwani kule Dunga. Mmoja anatangulia na mikono, mwili umenyooka. Maji yanamfungukia, yanamfunika, hakuna kelele. Mwenzake anateleza na kuanguka kwa tumbo. Unausikia mlio, maji yanaruka pande zote, na yeye anatoka akiugulia. Huenda uzito wao ni mmoja na wameruka kutoka mtumbwi mmoja. Tofauti ni upande gani wa mwili uliokutana na maji.

Risasi ya bunduki hufanya yote mawili katika safari moja. Hewani inazunguka kama pia ya mtoto kwa sababu ya mitaro iliyochongwa kwa msokoto ndani ya mtutu, na mzunguko huo huishikilia ncha ikae mbele. Ikiingia kwenye mwili, inakutana na kitu kizito kuliko hewa mara 800 na zaidi. Mzunguko hautoshi tena. Risasi yenye ncha ndefu ina kitako kizito, na kitako kinataka kutangulia. Kwa hiyo inaenda sawa kwa umbali fulani, inaanza kuyumba, inalala ubavu, kisha nyingi humaliza safari kitako kikiwa mbele. Ilipolala ubavu ndipo ilipoanguka kwa tumbo. Lile puto uliloliona lilifura hapo. Kabla ya hapo kuna njia nyembamba kama ya kijana wa kwanza.

Umbali huo wa kwenda sawa unategemea risasi, na Fackler aliuchora kwa risasi nyingi. Ile ya zamani ya Kisovieti ya AK-47, ya milimita 7.62 kwa 39 (vipimo vya upana wa risasi na urefu wa ganda lake) yenye kiini cha chuma, hutoka mtutuni kwa kama mita 715 kwa sekunde, na kwenye jeli ilikwenda sawa kwa takriban sentimita 26 kabla ya kuyumba sana. Lirudie paja la kijana wako. Sikulipima, lakini paja la kijana wa kawaida haliko mbali na sentimita 15. Kama ilikuwa risasi ya namna hiyo, iliingia ikiwa imenyooka na kutoka ikiwa imenyooka, na kuanguka kwake kwa tumbo kulitokea ukutani au ardhini nyuma yake. Video ile ilionyesha sentimita ambazo kijana wako hana.

Lakini usikimbie kumwambia mwenzako kwamba AK haidhuru mapaja. Bunduki ileile ikipakiwa risasi iliyotengenezwa Yugoslavia, yenye kiini cha risasi (nasema risasi madini, maana lugha yetu imeita chuma hicho na kinachofyatuliwa kwa jina moja), huyumba mapema, kwenye takriban sentimita 9. Hapo kulala ubavu kunatokea ndani ya paja lilelile. Ya G3, bunduki ambayo polisi wetu wameibeba miaka mingi, ni ya milimita 7.62 kwa 51. Hiyo huyumba kwenye kama sentimita 15, na kuna toleo la Kijerumani lenye koti jembamba zaidi ambalo huvunjika inapoyumba. Ya M16 ya kwanza, bunduki ya Kimarekani, huyumba kwenye kama 12 na kuvunjika vipande vinavyotawanyika, kila kipande kikitoboa nyama ambayo papo hapo inavutwa. Mvuto na matobo vikikutana mahali pamoja, nyama hutoka kabisa, ndiyo maana risasi zinazovunjika huacha mashimo makubwa. Ya AK-74, ile ndogo ya milimita 5.45, huyumba mapema, kwenye sentimita 7 hivi. Zote hizo ni wastani. Risasi iliyopita kwanza kwenye mabati au mlango wa matatu huweza kufika mwilini ikiwa tayari imelala, na namba zangu zote zikawa hazina kazi.

Mgonjwa haji na ganda la risasi mfukoni. Akija nalo, mara nyingi si lenyewe. Kwa hiyo madaktari wa vita huambiana tangu zamani: tibu jeraha, usitibu silaha.

Kuna kosa la pili ndani ya maneno ya mwenzako, na hili ni la hila zaidi. Anadhani jeli iliyochanika ni nyama iliyokufa. Risasi inaumiza kwa njia mbili. Inasaga kilicho mbele yake, na hiyo ndiyo njia ya kudumu, ile inayobaki. Pia inasukuma kilicho pembeni yake, kikafunguka pango na kujifunga tena katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hujapepesa jicho. Nyufa za kwenye jeli ni kumbukumbu ya mvutano huo wa pili. Mpimaji huzijumlisha urefu ili akadirie pango lilikuwa pana kiasi gani. Ni alama za rula tu. Misuli iliyovutwa hivyo huvilia damu, huuma, huvimba kidogo, na sehemu kubwa yake huishi. Ukitaka kuona tofauti zaidi, wapo wachunguzi wanaotumia sabuni ya gliserini badala ya jeli. Sabuni haijirudi, kwa hiyo hubaki na pango katika upana wake wote, na ukiiona picha yake utadhani hakuna binadamu anayeweza kupona. Sabuni haisahau, jeli husahau nusu, misuli husahau karibu yote.

Nenda buchari yoyote hapo mjini kwako, uombe kipande cha paja la ng'ombe na kipande cha ini. Livute paja, linakuvutia nawe. Libonyeze ini kwa kidole gumba, linapasuka kama mkate uliolowa. Mvutano uleule ambao msuli unausamehe, ini, bandama na figo haviusamehi, na ubongo uliofungwa ndani ya fuvu ndio mbaya kuliko vyote. Kibofu kilichojaa nacho hupasuka. Mapafu yamejaa hewa na yana mnyumbuko, kwa hiyo mara nyingi huvumilia mvutano kwa namna inayowashangaza wanaoyaona mara ya kwanza. Jeli imelinganishwa na misuli peke yake. Haina mfupa. Risasi ikipita pajani na kuukosa mfupa, una habari moja. Ikiugonga, mfupa unageuka vipande vinavyokwenda huku na huku, risasi inapinduka papo hapo, na tofali lolote la jeli halikukuandaa kwa jeraha hilo. Jeli haina mishipa pia, na hapo nitarudi mwishoni.

Utasikia watu wakizungumza kwa jouli, kipimo cha nishati. Risasi ya AK ya gramu 8 kwa mita 715 kwa sekunde ina kama jouli 2,000, ya bastola ya milimita 9 ina kama 500, basi wanahitimisha kwamba ya kwanza inaua mara nne. Nishati iliyobebwa si nishati iliyoachwa. Iliyopita kwenye paja la kijana wako iliondoka na sehemu kubwa ya mzigo wake. Kwa bastola nako kina ndicho kilichowafundisha watu kwa uchungu. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maafisa wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, waliuawa katika mapambano ambapo mmoja wa majambazi alikuwa ameshapigwa risasi iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni. Aliendelea kufyatua. Baada ya hapo FBI ilianza kuzipima risasi za maafisa wake kwenye jeli ya asilimia 10, ikitaka zifike kati ya sentimita 30 na 46, kupitia nguo nzito, mbao, kioo cha gari na vizuizi vingine. Unaona kwamba hata wao hawakuuliza jeli imeruka juu kiasi gani. Waliuliza sentimita.

Sasa nikuambie kosa langu. Nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliletwa mvulana mchungaji aliyepigwa risasi kwenye uvamizi wa mifugo, paja la kushoto, matundu mawili madogo, mfupa mzima. Hadithi ya kijana wako kabisa. Kitabu nilichosomea kilisema risasi ya kasi kubwa inaua nyama pande zote za njia yake kwa upana mara nyingi kuliko risasi yenyewe, na kwamba daktari asiyekata anamwachia mgonjwa uozo. Nikafungua paja lile kuanzia tundu hadi tundu. Nikakata. Nakumbuka vizuri kwamba nyama niliyoibana kwa koleo ilishtuka, na nikaikata hivyo hivyo, kwa sababu kitabu kilisema ni maiti. Nyama inayoshtuka ni hai, binti yangu. Mvulana yule aliondoka hospitalini baada ya wiki nyingi akichechemea, na kuchechemea kule hakukutoka kwenye risasi. Kulitoka kwangu.

Miaka michache baadaye nilikwenda kufanya kazi Lopiding, hospitali ya Msalaba Mwekundu karibu na Lokichoggio, iliyofunguliwa 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Wagonjwa waliletwa kwa ndege, wengine siku nyingi baada ya kupigwa. Hapo nilipata somo ambalo hospitali ya mjini haiwezi kutoa, kwa sababu niliona majeraha ambayo hakuna daktari aliyeyagusa. Niliona mapaja yenye matundu mawili madogo yaliyokuwa yakijifunga yenyewe chini ya kitambaa kichafu, mwenye paja akitembea kwa fimbo. Kitanda cha pili, tundu la kuingilia lilikuwa dogo vilevile, na ndani ya mguu kulikuwa na kisima cha usaha na vipande vya mfupa. Kwa nje ngozi haikuwatofautisha sana. Niliposoma michoro ya Fackler baadaye, ile mirefu yenye njia nyembamba inayofunguka ghafla kuwa pango, nilikaa nayo usiku mzima. Kila mgonjwa niliyemkumbuka nilimwona amelala mahali pake kwenye mchoro.

Kwa hiyo mwenzako usimshinde kwa maneno, mpeleke kitandani. Msalaba Mwekundu una njia ya kupanga majeraha ambayo haikuulizi jina la bunduki. Unapima kwa sentimita upana wa tundu la kuingilia na la kutokea, ukajumlisha. Unaangalia kama kabla ya kukata vidole viwili vinaingia ndani ya jeraha, yaani kama kuna pango au hakuna. Unaangalia mfupa kwenye eksirei, mzima au umevunjika, na umevunjika kiasi gani. Kisha kama kiungo cha uhai kimeguswa, na kama kuna vipande vya chuma ndani. Hapo namba za jeli zinageuka kuwa kitu unachoweza kukigusa. Matundu madogo, vidole haviingii, mfupa mzima, paja halijakaza kwa uvimbe, hisia na mapigo ya mguuni ni ya kawaida: hiyo ni ile sehemu nyembamba ya mchoro. Inasafishwa, inafungwa kitambaa, inapewa antibiotiki na kinga ya pepopunda, inaangaliwa kila siku, na haishonwi. Uamuzi ni wa daktari wa upasuaji wa zamu, lakini wewe ndiwe utakayempa vipimo hivyo, na daktari aliyepewa vipimo huamua vizuri kuliko aliyeambiwa "ni AK."

Vidole viwili vikiingia, au mfupa ukiwa umepondeka, au paja limekaza kama ngoma, mwenzako yuko sahihi, mpelekeni theata. Lakini hata huko hakatwi kwa hesabu ya kasi ya risasi. Msuli unaulizwa mambo manne. Rangi yake ni nyekundu au imekuwa kama ini lililochemshwa? Ukiubana unarudi au unabonyea kama udongo? Ukiugusa kwa koleo unashtuka? Ukiukata unatoa damu? Unaokataa yote unaondolewa. Unaoitikia unaachwa. Jeraha huachwa wazi, na kwa kawaida hufungwa baada ya siku nne au tano likiwa safi.

Kuhusu kutengeneza jeli: bunduki msiiguse. Sheria ya Silaha ya Kenya, sura ya 114, haimruhusu mtu kushika bunduki wala risasi bila cheti, na hospitali si uwanja wa kulenga shabaha. Lakini nusu ya somo mnaweza kulipata jikoni. Tengenezeni matofali mawili madogo ya jelatini moja, kwa uwiano wa moja kwa tisa. Moja likae friji hadi siku ya pili, jingine mlitoe saa moja kabla. Simamisheni sindano ya kufumia juu ya kila moja, mwekeeni uzito uleule, mpime imezama kiasi gani. Mtaona kwa macho yenu jinsi joto la chumba cha Kisumu linavyobadilisha jibu, na hamtaamini tena video isiyotaja nyuzi. Halafu chukueni mkanda wa fundi cherehani, mpimane unene (si mzunguko) wa mapaja, vifua na matumbo, mkivilaza vipimo hivyo juu ya sentimita 9, 15 na 26 nilizokupa. Wafundisheni na wauguzi. Ni somo la nusu saa.

Limebaki la mishipa. Jeli haina ateri, na mvutano ambao msuli umeusamehe unaweza kuwa umeuchana utando wa ndani wa ateri ya paja bila kuutoboa ukuta wake. Mgonjwa anatembea siku ya pili, anakwenda nyumbani akifurahi, na wiki kadhaa baadaye anarudi na uvimbe unaopiga, au mguu baridi. Kijana wako umempokea mwezi uliopita, kwa hiyo wakati huo bado haujapita. Mpigie simu arudi. Linganisha mapigo ya unyayo wa mguu huo na wa pili, nyuma ya goti pia. Kisha weka stethoskopu juu ya kovu la kuingilia, na juu ya kovu la kutokea, na katikati yake, usikilize kwa utulivu, wadi ikiwa kimya. Ukisikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo, asirudi nyumbani siku hiyo. Apelekwe kwa daktari wa mishipa.